Karata Zisizoonekana: Uwezekano Ufundishwe Kuwa Hesabu ya Uamuzi

Kila mwaka, mawingu ya masika yaanzapo kujikusanya juu ya miteremko ya Kilimanjaro, mkulima wa kahawa wa Machame, Kibosho, Marangu au Rombo hukabiliwa na swali lisilo na jibu la hakika. Matunda machanga yamo mtini. Ugonjwa wa chulebuni, uletwao na kuvu ipendayo baridi na unyevu, huyashambulia matunda hayo yakiwa bado ya kijani, yakawa meusi na kudondoka kabla ya kukomaa. Dawa ipo, lakini ni ghali, na kazi ya kuinyunyiza hula siku za watu. Mkulima akinyunyiza na mvua zikawa haba, fedha yake imekwenda bure. Asiponyunyiza na mvua zikazidi, huenda asivune cha kupeleka chamani. Hawezi kungoja aone kwanza mvua zitakavyokuwa, kwa maana akishaona dalili matundani amekwisha chelewa. Yampasa kuamua huku sehemu kubwa ya habari anazozihitaji ingali imefichika.

Mtoto wa mkulima huyo, akiwa sekondari, hufundishwa somo liitwalo uwezekano. Kwa miaka mingi somo hilo limewekwa katika kidato cha nne, karibu na mwisho wa muhtasari, mahali ambapo walimu wengi hulifikia wakiwa wanakimbizana na mtihani. Humo mna mfuko wenye mipira myekundu na myeusi, mna sarafu irushwayo mara mbili, mna dadu. Mwanafunzi hukokotoa kwamba uwezekano wa kutoa mpira mwekundu ni tatu ya nane, huandika jibu, hupigiwa mstari chini, na habari imekwisha. Hakuna amwulizaye: basi, kwa kuwa ni tatu ya nane, ufanye nini? Mpira mwekundu ukitoka utapata nini, na mweusi ukitoka utapoteza nini? Hesabu imeachwa nusu ya njia, na nusu iliyoachwa ndiyo ambayo baba yake anaihitaji shambani.

Kasoro hiyo yaweza kurekebishwa kwa kifaa ambacho wazazi wengi na walimu si wachache hukichukia, nacho ni karata. Hoja si kwamba shule zifundishe kamari. Jambo hilo litajadiliwa mahali pake. Hoja ni kwamba katika michezo yote ijulikanayo, ile ya karata ambayo mchezaji huficha zake na kuamua kwa kukisia za mwenzake ndiyo iliyo karibu zaidi na maamuzi ya maisha, na kwamba ndani yake mna wazo moja la kisayansi ambalo likieleweka vyema huondoa makosa mengi ya kufikiri.

Watu wa Afrika Mashariki wana mchezo wao mkubwa wa akili, yaani bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na ni mchezo wa heshima usiohitaji kutetewa na mtu. Lakini katika bao hakuna kinachofichika. Kete zote ziko wazi machoni pa wote wawili, wala hakuna bahati; anayeshindwa ameshindwa kuona mbali kama mwenzake. Bao humfundisha mtu kuona mbali. Haliwezi kumfundisha namna ya kuenenda pale ambapo hata mwenye macho makali haoni, kwa kuwa kinachotakiwa kuonekana bado hakijatokea au kimefunikwa. Shamba la kahawa halifanani na bao. Lafanana na karata.

Nazo karata si ngeni kama inavyodhaniwa. Majina yake katika Kiswahili ni mabaki ya Wareno, ambao walipoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 lakini wakaacha kopa, shupaza, uru, pau na turufu katika vinywa vya wenyeji. (Uru ya karata ni dhahabu ya Kireno, na haina undugu na Uru ya mlimani juu ya mji wa Moshi, ingawa wanafunzi wa huko watacheka wakiisikia.)

Mchezo wa poka ndio unaolionyesha wazo hilo waziwazi kuliko mingine. Katika namna yake iliyoenea zaidi duniani, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati kwa zamu: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kila mmoja huunda mkusanyiko bora wa karata tano kutokana na zake mbili na zile za katikati. Kati ya zamu na zamu, wachezaji huweka dau katika fungu la katikati. Mwenzako akiongeza dau, una hiari ya kulipa kiasi hicho ili uendelee, au kuzitupa karata zako na kuliacha fungu.

Dau na liwe punje za buni, ambazo katika mkoa wa Kilimanjaro hazina shida kupatikana. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi ana shupaza mbili mkononi, na kati ya karata nne zilizokwisha funuliwa mna shupaza mbili nyingine. Akipata shupaza ya tano ana mkusanyiko wa namna moja, na karibu kwa yakini atashinda. Asipoipata, mwenzake mwenye jozi ya ree atamshinda. Imebaki karata moja kufunuliwa. Je, hali yake ni nzuri au mbaya?

Karata zote ni 52. Yeye ameona sita, hivyo hajaziona 46. Shupaza ni 13. Nne amekwisha ziona, zimebaki tisa. Basi uwezekano wa kupata aitakayo ni 9 juu ya 46, yaani takriban 20 kwa 100. Kwa hesabu kamili zaidi, 19.6. Iwapo fungu la katikati lina punje 100, twaa 19.6 kwa 100 ya fungu hilo: ni punje 19.6. Hicho ndicho kiini cha jambo. Mwanafunzi hajashinda na wala hajashindwa, lakini karata zake, hapo zilipo, zina sehemu yake katika fungu. Sehemu hiyo yaweza kuitwa stahiki ya karata: ni kiasi ambacho angestahiki kupewa kama kengele ingelia, mchezo ukakatishwa papo hapo, na fungu likagawanywa kwa haki.

Stahiki peke yake haiamui jambo. Huamua ikilinganishwa na gharama ya kuendelea. Fungu lilikuwa na punje 80. Mwenzake akaongeza 20, likawa 100. Naye mwanafunzi atakiwa kulipa 20 ili aone karata ya mwisho. Akilipa, fungu litakuwa 120, na 20 katika 120 ni takriban 17 kwa 100. Uwezekano wake wa kushinda ni karibu 20 kwa 100, unaozidi 17. Basi alipe. Akirudia hali hiyo mara nyingi, mara 9 katika 46 atajipatia punje 100, na mara 37 katika 46 atapoteza 20. Wastani wake ni faida ya punje tatu na nusu kwa kila mara. Lakini mwenzake angeongeza punje 60 badala ya 20, fungu lingekuwa 140, na gharama ya kuendelea 60 katika 200, yaani 30 kwa 100. Hapo yafaa azitupe karata zake, kwa sababu akilipa atapoteza wastani wa karibu punje 21 kila mara. Karata ni zilezile na uwezekano ni uleule, ila uamuzi umegeuka kwa sababu bei imegeuka.

Mwanafunzi aliyeelewa aya hiyo amejua jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: swali la "je, itatokea?" na swali la "je, nifanye?" ni maswali mawili. Jambo lisiloelekea kutokea laweza kustahili kuwekewa dau, na jambo linaloelekea sana kutokea laweza kuwa ghali mno.

Wazo la stahiki ndilo lililoizaa sayansi nzima ya uwezekano, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali lililokuwa limewashinda watu kwa muda mrefu: wachezaji wawili wameweka dau, wakalazimika kuacha mchezo kabla haujaisha, fungu ligawanywe vipi? Pascal alitoa mfano wa watu wawili walioweka vipande 32 vya dhahabu kila mmoja, atakayetangulia kushinda mizunguko mitatu achukue vyote 64. Wakaacha mmoja ana miwili na mwenzake mmoja. Wengine walidhani wagawane kwa kufuata yaliyokwisha tokea, mbili kwa moja. Pascal akasema la, yatazamwe yanayoweza kutokea. Mwenye miwili akishinda mzunguko ufuatao huchukua 64; akishindwa, wanakuwa sawa na kila mmoja astahiki 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote, na zile 32 nyingine zigawanywe nusu kwa nusu. Apate 48, mwenzake 16.

Mkulima wa Moshi hana haja ya kwenda Ufaransa kulielewa hilo. Tangu wakulima wa Kilimanjaro walipoanzisha chama chao mwaka 1925, na kukiimarisha kwa kuunda KNCU mwaka 1933, wamezoea kukabidhi kahawa kabla ya kujua bei ya mwisho, wakapokea malipo ya awali, na kungoja nyongeza baada ya mnada. Malipo ya awali yakipangwa vyema ni makisio ya stahiki ya mkulima katika fungu ambalo karata zake hazijafunuliwa zote. Yakiwa makubwa mno chama hufilisika bei ikianguka. Yakiwa madogo mno mkulima hukopeshwa jasho lake mwenyewe. Somo la hesabu na historia ya ushirika vingeweza kufundishwa kwa kipindi kimoja.

Darasani jambo hili lijaribiwe kwa mikono, lisiachwe ubaoni. Hazihitajiki hata karata za dukani. Zitwaliwe punje 46 za buni, tisa zipakwe rangi, zitiwe katika kopo. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja atoe punje moja, aandike, airudishe, atikise kopo, mpaka atimize mara 25. Kwa wastani kila mmoja atapata za rangi kama tano, lakini hakuna atakayeshangaa kuliko yule aliyepata moja tu, isipokuwa jirani yake aliyepata tisa; nao watu kama hao darasani hawakosekani. Mmoja atasema ana mkosi, mwingine atatembea kifua mbele. Kisha mwalimu ajumlishe zote elfu moja. Jumla itakuwa karibu na 196, na itakuwa ajabu ikishuka chini ya 170 au kupanda juu ya 222. Darasa litakuwa limeona kwa macho yake kwamba bahati ya mtu mmoja kwa siku moja ni kitu kinachoyumba sana, na kwamba wastani wa wengi au wa siku nyingi hutulia. Hakuna maelezo ya ubaoni yanayoweza kufanya kazi hiyo.

Hapo ndipo lilipo somo gumu kuliko yote, na ndipo hoja hii inapohitaji kusikilizwa hata na wasiopenda karata. Watu huupima uamuzi kwa matokeo yake. Mchezaji mwenye ree mbili akikutana na mwenye wafalme wawili, stahiki yake ni karibu 82 kwa 100. Hana budi kuendelea. Mara 18 hivi katika 100 atashindwa, na watazamaji watasema alikosea. Hakukosea. Kinyume chake, yule aliyelipa punje 60 kwa uwezekano wa 20 kwa 100 na shupaza ikafunuka, atasifiwa kwa ujasiri, na sifa hiyo itamharibu, kwani kesho atarudia.

Miteremko ya Kilimanjaro imelipa ada kubwa kwa kosa hilo la kufikiri. Mwezi Julai 1975 barafu iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapanda hata kufikia kilele mwaka 1977, na kila aliyekuwa na kahawa akaonekana mwenye busara. Mwezi Julai 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisimamishwa, bei zikaporomoka, na waliokuwa wameitunza mibuni wakaonekana wajinga mbele ya waliokwisha igeukia nyanya au ng'ombe wa maziwa. Hakuna mkulima wa Marangu aliyeweza kuiona barafu ya Brazil kabla haijaanguka. Haki yake ni kuulizwa kama alipanga vyema kwa aliyoyajua wakati ule, na swali hilo halikuulizwa; sifa na lawama zilifuata bei. Mbuni huchukua miaka mitatu au zaidi tangu kupandwa hata kuzaa vizuri. Anayepanda bei ikiwa juu na kung'oa ikiwa chini huwa daima amechelewa, kama mchezaji anayelipa dau baada ya karata kufunuliwa.

Sasa swali la dawa laweza kurudiwa kwa vifaa vipya. Hesabu zifuatazo ni za mfano. Na ichukuliwe kwamba kunyunyiza shamba kwa msimu hugharimu shilingi 60,000, na kwamba ugonjwa ukishamiri shamba lisilonyunyizwa hupoteza kahawa ya shilingi 300,000. Kwa haraka mtu atasema: 60 kwa 300 ni 20 kwa 100, basi uwezekano wa ugonjwa ukizidi hapo, nyunyiza. Lakini dawa haiokoi yote. Ikiwa huokoa theluthi mbili ya hasara, kinachookolewa ni shilingi 200,000, na mpaka wa uamuzi wapanda hadi 30 kwa 100. Mwaka ambao uwezekano ni 45 kwa 100, anayenyunyiza hupata kwa wastani shilingi 30,000 kuliko asiyenyunyiza. Mwaka ambao ni 25 kwa 100, hupoteza 10,000. Ni hesabu ileile ya punje za buni, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifanya juu ya kipande cha karatasi.

Uwezekano wenyewe utatoka wapi? Hautoki hewani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa masika na wa vuli kila mwaka, ikisema wapi mvua zatarajiwa kuwa juu ya wastani, za wastani, au chini yake. Kituo cha ICPAC kilichoko karibu na Nairobi, kinachohudumia nchi za upembe huu wa Afrika, hutangaza uwezekano wa kila mojawapo ya hali hizo tatu kwa tarakimu. Habari hizo husomwa redioni, na husikilizwa kana kwamba ni ahadi. Iliposemwa kwamba mvua zaelekea kuzidi, na zisizidi, mitaa yote ya Moshi husema watabiri wameongopa. Aliyetangaza 45 kwa 100 ametangaza pia kwamba 55 kwa 100 mambo yatakuwa vingine. Mvua kuzidi si sawa na chulebuni kushamiri, na hapo ndipo anapohitajika afisa ugani aujuaye mlima, maana baridi ya Kibosho juu si joto la tambarare. Lakini hata afisa ugani hawezi kumsaidia mtu asiyejua afanye nini na neno "huenda".

Kituo cha utafiti cha Lyamungu, chenye makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, kimetoa aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mwenye aina hizo ameipunguza hasara inayotishia, na swali la dawa limekuwa dogo. Badala yake limekuja swali la kung'oa mibuni ya babu na kungoja mipya izae, ambalo nalo ni swali la stahiki na gharama, ila limetandazwa juu ya miaka mingi.

Kuna kosa jingine ambalo karata hulifichua upesi. Mchezaji aliyekwisha weka punje nyingi katikati huona uchungu kuziacha, akalipa tena ili "asipoteze zile". Zile si zake tena. Ni za fungu, na zitamwendea atakayeshinda, awe nani. Kinachohesabiwa ni fungu lilivyo sasa, gharama ya sasa na uwezekano wa sasa. Mkulima aliyenyunyiza mara mbili na kuona matunda karibu yote yamekwisha anguka, akanyunyiza mara ya tatu kwa sababu amekwisha tumia fedha nyingi, amefanya kosa hilohilo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na walikuwa na hesabu sahihi.

Hata hivyo wastani si kila kitu, na mwalimu atakayeishia hapo atakuwa amedanganya. Mchezaji mwenye punje elfu aweza kulipa 20 kwa faida ya wastani wa tatu na nusu bila kufikiri mara mbili. Mwenye punje 20 tu, akishindwa, ameondoka mezani, na wastani wa mara elfu hautamfaa kitu kwa kuwa hatazifikia mara elfu. Daniel Bernoulli aliliona hilo mwaka 1738 alipoandika kwamba thamani ya fedha kwa mtu hutegemea alichonacho. Kwa hiyo mkulima maskini akataaye jambo lenye faida ya wastani si lazima awe mjinga au mwoga. Yawezekana amepima kwamba hasara moja itamtoa mtoto wake shuleni, na amepima sawasawa. Wataalamu waliokuja vijijini na mbinu mpya, wakazikuta zikikataliwa, mara nyingi waliliita jambo hilo ukaidi. Kihamba cha Mchagga kilikuwa jibu la kale kwa tatizo hilo: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi, maharagwe, miti ya kivuli, ng'ombe bandani, na mfongo ukileta maji kutoka mlimani. Hakuna zao moja kati ya hayo linalotoa yote liwezayo kutoa. Lakini bei ya kahawa ikianguka ndizi zaliwa, na mwenye kihamba hatoki mezani.

Sasa kuhusu kamari. Wazazi na viongozi wa dini wakisikia neno karata huona vijana wavivu chini ya mti, na hofu yao si ya bure. Walakini hofu hiyo imepitwa na wakati kwa upande mmoja. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yakataza wenye umri chini ya miaka 18 kucheza, lakini matangazo ya kubashiri mpira yamo redioni, mabangoni na katika simu, na hakuna mwalimu wa sekondari mjini Moshi asiyejua maana ya mkeka. Mwanafunzi hakingojei chumba cha hesabu kimletee kamari. Imekwisha mfikia, nacho chumba cha hesabu kimenyamaza.

Kisinyamaze. Mechi moja ina matokeo matatu: mwenyeji kushinda, sare, mgeni kushinda. Kampuni ikitangaza kwamba shilingi moja italipwa 2.00, 3.20 na 3.60 kwa matokeo hayo, mwanafunzi agawanye moja kwa kila tarakimu: 0.500, 0.3125, 0.278. Ajumlishe. Atapata 1.09, ingawa uwezekano wa mambo yote hauwezi kuzidi 1. Hiyo 0.09 iliyozidi ndiyo mlo wa kampuni. Kama tarakimu hizo zafuata uwezekano wa kweli kwa uwiano, stahiki ya anayeweka shilingi 100 ni karibu shilingi 92, naye ameipoteza nane kabla mpira haujaguswa. Akiunganisha mechi tano katika mkeka mmoja, 0.917 huzidishwa yenyewe mara tano, na stahiki yake hushuka hadi shilingi 65. Mechi kumi, shilingi 42. Mkeka mrefu, ambao hupendwa kwa kuwa unaahidi mamilioni, ndio wenye stahiki ndogo kuliko yote. Katika punje za buni mwanafunzi aliweza kuzitupa karata pale bei ilipozidi stahiki. Hapa bei imezidi stahiki tangu mwanzo na kila mara, na uamuzi pekee ulio sahihi kwa hesabu ni kutocheza. Mahubiri dhidi ya kamari yamekuwapo miaka mingi. Kugawanya moja kwa 3.20 hakujajaribiwa vya kutosha.

Shule isiyotaka karata kuonekana katika madarasa yake yaweza kutumia vipande vya karatasi ngumu vyenye namba na rangi. Hesabu haitajua tofauti. Punje zihesabiwe na kurudishwa koponi kila mwisho wa kipindi, na asiwepo anayekwenda nazo nyumbani. Lakini mabadiliko makubwa zaidi hayamo katika vifaa. Yamo katika usahihishaji. Maadamu mtihani wa taifa huuliza tu uwezekano ni kiasi gani, walimu watafundisha kupata kiasi hicho na kuishia hapo, wala hawawezi kulaumiwa. Baraza la Mitihani laweza kuuliza vingine: mkulima ana gharama hii, hasara hii, na uwezekano huu, anyunyize au asinyunyize, na kwa nini? Mwanafunzi mmoja ataandika kwamba anyunyize, akaonyesha kwamba 45 yazidi 30. Mwingine ataandika kwamba asinyunyize, kwa kuwa mkulima huyo hana akiba na fedha ya dawa ni ya mkopo, akaonyesha kitakachompata mvua zisipokuja. Wote wawili wapewe alama zao kamili, na msahihishaji asiulize kama mwaka huo mvua ilinyesha.